Keneuoe Bado Anakwenda Kazini

Ha Lesiamo,
Maputsoe,
Lesotho.
10 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba Tieho,

Najua barua huanza kwa salamu, na Bibi akijua nimeanza bila salamu atasema shule haikunifunza kitu. Lakini nikianza na salamu nitaendelea nazo mpaka karatasi iishe, na neno hili litabaki kooni kama lilivyobaki tangu Juni. Kwa hiyo naliandika kwanza.

Dada Keneuoe, tuliyemzika sote, wewe mwenyewe ukishika koleo, hajafa kule kiwandani. Kila asubuhi jina lake linaitwa, na kila asubuhi anaitika. Anayeitika ni mimi. Wapo wanaojua kwa kuwa wameona kwa macho yao, lakini hakuna niliyemwambia kwa mdomo wangu. Sijamwambia Bibi, wala padri.

Sasa nakusalimu, Mjomba, kwa heshima zote. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje? Siku ya mazishi nilikusikia ukikohoa nyuma ya zizi ulipodhani uko peke yako, na tangu hapo nikisikia mtu anakohoa kwenye vumbi la kitambaa nakukumbuka wewe. Wenzako wa bwenini hawajambo? Tumesikia redioni kwamba huko Rustenburg nako watu wanapunguzwa migodini. Naomba jina lako lisiwemo.

Sisi hapa hatujambo kiasi. Magoti ya Bibi yanamsumbua akiamka, ila yakishapata jua anakwenda mwenyewe mpaka bombani na kurudi akiwa na habari za kijiji kizima. Mahindi tumepanda, mvua inatutania. Nyakallo, mtoto wa Dada, anajifunza kuhesabu mbuzi wa jirani. Kila mara anapata idadi mpya na anagombana na mbuzi.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ni ya Bibi, na Bibi hasikii mpaka aweke sauti ya juu, kwa hiyo neno likisemwa humo linafika mpaka kwa majirani. Barua hii anaileta Ntate Lekena anayerudi mgodini Jumanne. Nimeifunga kwa uji mzito. Kama imefika ikiwa wazi, tafadhali mtazame vizuri usoni.

Siku ya mazishi uliuliza swali mbele ya watu. Ulisema, "Mbona wenzake wa kiwandani hawakuja? Mtu amewashonea suruali miaka yote hii, anazikwa bila hata wimbo wao?" Watu walitazama chini na Bibi akasema labda hawakupewa ruhusa. Mimi nilikuwa nyuma yako nimebeba beseni la maji ya kunawa, nikalishika kwa nguvu lisimwagike.

Hawakuja kwa sababu hawakuweza kuja kumzika mtu ambaye kwenye orodha ya kiwanda bado alikuwa hai. Alikuja mmoja tu, yule mwanamke mnene aliyemenya viazi akijifanya jirani wa kijiji cha pili. Anaitwa Dada Puseletso. Cherehani yake imepakana na ya Keneuoe. Alimenya viazi gunia zima bila kuinua uso, akaondoka bila kula.

Pale kiwandani kuna jambo wanawake wanaliita kushika kiti. Kila asubuhi nje ya geti wanasimama wanawake wengi wanaotafuta kazi, wengine wametoka milimani, wana watoto mgongoni na mablanketi yamelowa umande. Cherehani zikianza kulia na kiti kimoja kikawa kitupu, msimamizi anatoka mpaka getini, anaonyesha mtu kwa kidole, na mpaka jioni kiti kile kimeshakuwa cha mtu huyo. Kwa hiyo mtu akiugua anamtuma mdogo wake au binti yake aende akakae, na aitike kwa jina la mwenye kiti. Wenye kiwanda ni wageni na wanatazama suruali, hawatazami sura. Viwanda vingine siku hizi vina mashine ya kubonyeza kidole, lakini chetu ni cha zamani. Majina bado yanasomwa uani, karibu na uzio. Msimamizi wetu, Mama 'Mathabo, anajua kila kitu, ila mifuko ikitoka imenyooka anafumba macho.

Keneuoe alipozidiwa na ugonjwa mwezi wa Mei alinifundisha kwenye cherehani ya mkono ya Bibi. Kazi yake ilikuwa mfuko wa nyuma, upande wa kulia, kwenye suruali za jinzi. Dada Puseletso anashona wa kushoto. Keneuoe alikaa kitandani amejifunika blanketi, anaongoza kwa kidole.

"Acha kuitazama sindano," aliniambia. "Tazama kitambaa. Sindano inajua njia."

Halafu akanifundisha kuitika. Unajua nilivyo, Mjomba. Shuleni mwalimu alikuwa ananiandika sipo nami nimekaa mbele yake, kwa sababu sauti yangu haikumfikia. Keneuoe alicheka mpaka akakohoa.

"Safari hii utaitika tu. Jina ni langu, wewe unaona haya ya nini? Nyosha mkono, sema nipo, basi. Ukisitasita ndipo watu wanapotazama sura."

Na kweli nikaitika. Hili nalo nalisema kwako peke yako. Kuitika kwa jina lake kulikuwa rahisi kuliko kuitika kwa langu. Sauti ilitoka nene, hata mimi nikageuka kutazama ni nani.

Asubuhi aliyokufa kulikuwa na sakitu, umande ulioganda mweupe, juu ya mapaa. Nilimwacha ameketi, anakunywa uji kidogo kidogo. Aliniita nirudi, akanifunga upya kitambaa cha kichwa kwa sababu nilikuwa nimekifunga kishule. Akasema, "Leo usivute sana uzi, mifuko ya jana ilijikunja." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyopata kutoka kwake.

Bibi anasema alikwenda jua lilipogusa ukuta wa zizi. Mjomba, jua linapogusa ukuta wa zizi letu ndipo majina yanaposomwa kiwandani. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikiwa nimeinamia cherehani. Dada alikuwa anaondoka huku, na kule uani mtu amenyosha mkono juu anasema nipo. Huenda alinisikia. Huenda ndiyo sababu hajui kwamba amekwenda.

Tulipomaliza kumzika, wewe ukarudi mgodini, Dada Puseletso alinifuata bombani.

"Mdogo wangu, kiti kina baridi," alisema. "'Mathabo amekilinda mpaka kesho. Kesho kutwa kina mtu."

Nilikwenda. Nilikusudia kumwambia Mama 'Mathabo ukweli, kwamba mwenye kiti amefariki, na nimwombe kiti kiwe changu kwa jina langu. Nilimkuta anagawa nyuzi. Nikasema, "Mama, dada yangu," na hapo sauti ikaniishia. Hakuacha kugawa.

"Sikiliza, binti," alisema. "Nikiandika kwamba amekufa, jina lake linafutwa, na wewe unatoka nje kupanga mstari na wale. Na wale wako pale tangu kabla hujazaliwa. Humu ndani hakuna marehemu. Kuna cherehani yenye mtu na cherehani isiyo na mtu. Wewe uko upande gani?"

Nikakaa.

Bibi anaamini nimeajiriwa mimi. Siku niliyorudi na unga alipiga magoti, na magoti yale unayajua yalivyo, akashukuru Mungu kwamba ameondoa mkono mmoja na kuleta mwingine. Ningesema nini? Unga ulikuwa mezani. Nyakallo alikuwa ameshaanza kuulamba kwa kidole.

Wanawake wa laini yetu ya cherehani walikubali upesi kuliko nilivyodhani. Mchana tunapokula tumeketi ukutani wananiita Keneuoe, hata wasimamizi wakiwa mbali. Wakati mwingine wanakumbushana mambo ya Dada mbele yangu kana kwamba niliyafanya mimi. "Keneuoe, unakumbuka siku umeme ulipokatika ukatuimbisha?" Nami nacheka. Nimeanza kulikumbuka giza lile, Mjomba. Naliona kabisa, na sikuwepo.

Viti vyetu ni vya mbao visivyo na mgongo, na kila mtu analeta kipande chake cha godoro cha kukalia. Cha Keneuoe bado kipo. Katikati kina shimo, umbo la mwili wake, limeegemea upande mmoja kwa sababu mguu wake wa kulia ndio uliokanyaga. Mwanzoni nilikaa pembeni ya shimo. Sasa ninalijaza.

Kile kitambaa cheusi cha msiba ulichonibandika begani baada ya kunyolewa, siingii nacho. Pini haziruhusiwi ndani. Suruali zinapitishwa kwenye mashine inayolia ikinusa chuma, na sindano ikivunjika tunatafuta kila kipande sakafuni mpaka kipatikane, hata kama ni usiku. Ningeweza kukishona badala ya kubandika. Lakini Keneuoe avae nyeusi kwa ajili ya nani? Yeye hajafiwa. Kwa hiyo kila asubuhi nakibandua na kumwachia Mama 'Mamosa, muuza maandazi wa pale getini. Hakuniuliza kitu. Siku moja tu alikipokea, akakiweka chini ya beseni lake, akasema, "Mwache dada yako hapa. Yeye hagusi maandazi yangu, tunaelewana." Jioni nakibandika tena kikiwa kinanuka mafuta, na Bibi anapanguza akidhani ni moshi.

Bibi ananitazama mikono. Rangi ya jinzi inaingia chini ya kucha na haitoki kwa sabuni. Yeye ndiye aliyemwosha Keneuoe pamoja na wale akina mama, na najua walihangaika na kucha zile mpaka wakaziacha zikiwa za bluu. Sasa nikinawa kabla ya kula, Bibi anageuza uso.

Jambo la Nyakallo ndilo lililonivunja kwanza. Wakati wa baridi kali nilivaa koti la kijivu la Dada, lile lenye kifungo kimoja kikubwa. Najua nguo za marehemu hazitakiwi kuguswa mpaka mjomba azigawe. Lakini barabara ilikuwa na barafu, na Keneuoe alikuwa anachelewa kazini. Ona nilivyoandika. Nilikuwa nachelewa mimi. Nyakallo aliamka akaniona mgongo nikiwa mlangoni, akakimbia bila viatu mpaka nje ya uwanja akiita, "Mama, Mama." Niligeuka. Hakulia. Alinitazama tu, kisha akauliza, "Mama yuko kazini?"

Nilimjibu ndiyo.

Tangu siku ile kila jioni ananiuliza kama mama bado yuko kazini, nami nasema bado, na yeye anakula ugali wake ametulia. Bibi anadhani mtoto amesahau.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo bila shaka Bibi ameshakupigia simu. Atakuwa amekwambia kwamba kanisani marehemu aliniita, na kwamba ulete kondoo mweupe asiye na doa. Naomba unisikilize mimi.

Jumapili iliyopita ilikuwa misa ya marehemu. Ntate Ramaili, katekista, alisimama na miwani yake puani, akasoma majina ya waliofariki mwaka huu ili tuwaombee. Anasoma polepole na kwa sauti moja, kama Mama 'Mathabo. Sikulala, Mjomba, wala sikuwa nawaza mengine. Nilikuwa namwaza yeye. Aliposema, "Keneuoe Phakisi," mkono wangu ulinyoshwa juu na sauti ile nene ikasema, "Nipo."

Mtoto mmoja aliyekuwa analia aliacha. Ntate Ramaili aliinua miwani, akatazama bati la paa, akatazama mlango, hakutazama upande wangu. Kisha akaendelea na jina lililofuata. Bibi alinivuta sketi nikakaa. Sikujua kwamba nilikuwa nimesimama.

Njiani watu walitembea mbali nasi. Nyuma yetu mwanamke mmoja alisema, "Ile haikuwa sauti ya yule mtoto. Yule mtoto hana sauti." Ni kweli, sina.

Nyumbani Bibi aliniosha kwa maji ya shubiri, ananisugua kama sufuria iliyoungua.

"Umemwitikia nani wewe? Nani kakutuma?"

"Sijui, Bibi."

"Hujui. Dada yako anataka mwenzake, na wewe unamwambia upo. Hata mbuzi ana akili kuliko wewe, mbuzi akiitwa machinjioni anarudi nyuma."

Alikuwa analia. Ningeweza kumwondolea hofu yake yote kwa neno moja. Nilinyamaza, kwa sababu neno hilo moja lingemfanya aulize mengine. Amekula toka Juni chakula kilichochumwa kwa jina la mtu ambaye yeye mwenyewe alimfunga sanda. Ninamjua Bibi. Hatanipiga. Ataacha tu kula.

Ungedhani hapo nimefika mwisho, lakini lililonifanya nichukue kalamu ni la juzi Ijumaa.

Kiwanda cha jirani kimefungwa. Wanunuzi wa ng'ambo wamepunguza, na chetu nacho kinapunguza. Mama 'Mathabo alikuja kwenye laini yetu akasema kwamba kuanzia Januari mifuko yote miwili ya nyuma itashonwa na mtu mmoja. Watatazama nani ameanza kazi zamani. Aliyeanza zamani atabaki. Jina la anayeondoka litasomwa siku ya mwisho kabla ya Krismasi.

Aliyeanza zamani ni Keneuoe. Anayeondoka ni Dada Puseletso.

Ana watoto wanne, Mjomba, na mume wake alikuwa wa machimboni, aliteremka shimo moja na hakupanda tena. Mama 'Mathabo alipoondoka, Dada Puseletso alikata uzi kwa meno, akanitazama, akacheka kile kicheko chake kinachotikisa meza.

"Basi nimeshindwa na marehemu," alisema. "Nitawaambia nini watoto?"

Wote tukacheka, hata mimi. Kisha tukainamia cherehani mpaka jioni. Tulipokuwa tunatoka nilimshika mkono nikaanza kumwambia kwamba nitaacha, akaniziba mdomo. Mkono wake ulikuwa wa bluu kama wangu.

"Usiseme. Ukisema nitakubali, halafu nitashindwa kumtazama bibi yako. Nyamaza, mdogo wangu. Nyamaza kama unavyojua."

Jana Jumamosi tulikuwa na kazi ya ziada, nikaamua mwenyewe. Niliamua kwamba jina likiitwa sitaitika. Litaitwa mara ya pili, sitaitika, na Mama 'Mathabo atalazimika kuandika. Nilifunga mikono nyuma ya mgongo, vidole nimevifumbata. Nilibana midomo. Jina likaitwa. Nikasikia, "Nipo." Dada Puseletso aliyekuwa ubavuni anasema nilisema mimi, aliona mdomo wangu. Mimi nakwambia kwamba sikuhisi mdomo ukifunguka.

Nimekaa na jambo hili, na nadhani najua kilichotokea. Ni kwamba siku nitakayonyamaza ndiyo siku Dada atakapokufa. Mpaka sasa hajafa kabisa. Kuna mahali pamoja duniani ambapo asubuhi anaitwa na anajibu, ana kiti, ana uzi wake, watu wanamtania. Nikinyamaza mimi ndiye niliyemuua. Sina nguvu hiyo. Huenda pia sitaki. Ndani ya jina lake nina sauti, na nikitoka humo narudi kuwa yule anayeandikwa hayupo.

Lakini kwa ajili yangu na yeye, Dada Puseletso atatoka getini na watoto wanne. Keneuoe akiwa hai asingekubali. Alikuwa anampa nusu ya maandazi yake kila siku na kudai ameshiba.

Kwa hiyo nakuomba, Mjomba, kitu kimoja. Kondoo mlete kama Bibi anavyotaka. Tarehe ya kuvua nguo nyeusi na kugawa mavazi ya Dada ni ile ile, Jumamosi ya tarehe kumi na nne Desemba. Ila wewe usije Jumamosi. Omba ruhusa, uje Alhamisi, na Ijumaa asubuhi kabla ya jua upite kiwandani. Utamwona Mama 'Mamosa na beseni lake. Simama naye, karibu na uzio. Vaa blanketi lako la heshima, lile la kahawia. Majina yanasikika vizuri kutoka hapo.

Wewe ndiye uliyempa jina alipozaliwa. Mama alikuwa anatusimulia kwamba ulitoka mgodini na vumbi lako, ukamwinua, ukalisema mara tatu. Mzee akienda kumchukua mtu aliyefia mgodini husimama mdomoni mwa shimo, akamwita, akamwambia kazi imekwisha, twende nyumbani. Nimesikia ulimfanyia hivyo mume wa jirani. Mfanyie na Keneuoe. Yeye hakufia shimoni, lakini huko ndiko aliko.

Mama 'Mathabo akilisoma jina, naomba uitike wewe kwanza. Uitike kwa sauti kubwa, kabla mdomo wangu haujapata nafasi. Mwambie mifuko yake imenyooka. Mwambie twende. Ukishasema wewe, mimi nitaweza kunyamaza, na uani watasikia kimya, na Mama 'Mathabo hataweza kujifanya hakukisikia. Kama kuna haki zake za kazi, hapo zitaweza kuulizwa, kwa kuwa atakuwa amefariki. Nami nitatoka getini na kukibandika kitambaa changu begani mchana kweupe.

Januari nitapanga mstari na wale wa nje. Nimefanya mazoezi ya kusema jina langu. Nalisema bombani, maji yakiwa yanatiririka ili watu wasisikie. Bado ni dogo.

Nisalimie Mama Mdogo 'Malikeleli akija kukutembelea huko, na Abuti Tseko na mke wake, na umwambie kwamba kile chungu alichotuma tumekipata kizima. Hapa unasalimiwa na Bibi, ambaye hajui kwamba ninaandika, na Nyakallo, ambaye anasema umletee mbuzi asiyetembeatembea. Mungu wa mama yangu akulinde ukishuka chini na akupandishe juu kila siku, na kifua chako kipate hewa.

Mjomba, mengine yote utayaamua mwenyewe, wewe ni mkubwa. Ila Bibi asijue alichokuwa anakula, wala Nyakallo asijue mama yake alitoka kazini siku gani. Waambie tu kwamba ulipita Maputsoe ukaja na Keneuoe, na kwamba alikuwa amechoka. Barua hii ukishaisoma ichome. Hili ni langu na lako, na lake.

Ni mimi binti wa dada yako, nikupendaye na kukungoja,
Liteboho Phakisi.